Kitu cha Heshima Hakikai Uchi

Kasongo, Jumapili, 13 Julai 2025

Misa ndefu. Mahubiri yalikuwa na kiini, ila kiini kilichelewa kufika.

Baada ya misa, kikao cha ukoo nyumbani kwa marehemu mdogo wangu Jean-Marie. Mwaka umetimia tangu tumzike. Jumamosi ya tarehe 26 tutaondoa matanga, na mjane wake, shemeji yangu Olga, atavua nguo nyeusi.

Nilipewa kiti kisicho na mikono. Mimi, Michel Lwamba, mkurugenzi mstaafu wa shule! Nusu ya wanaume waliokuwa mle ndani nimewafundisha kusoma. Kiti chenye mikono kilikaliwa na Théophile. Kisa? Théophile ana vipaza sauti vikubwa, ana ampli ya kukuza sauti, ana jenereta, na hapa mjini hakuna ndoa wala matanga bila vyombo vyake. Akaletewa firigisi la kuku, kipande cha mtu wa heshima. Mimi nikaletewa shingo. Théophile naye nilimfundisha. Darasa la nne alilipenda sana, akalirudia.

Kisha likazuka jambo zito. Nadine, binti wa marehemu, alimrekodi baba yake akiimba peke yake kanisani, kabla hajaugua. Théophile, aliyetumiwa wimbo huo, akaupiga kutoka kwenye simu yake kupitia vipaza sauti ili tuusikie. Mikwaruzo mitupu! Jean-Marie, kiongozi wa kwaya, alisikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa la mawese. Olga alisikiliza mpaka mwisho. Akasema polepole kwamba huyo si mume wake. Akasema hatavua nguo nyeusi mpaka amsikie Jean-Marie mwenyewe, na ndugu zake wanaokuja kwa pikipiki kutoka Kabambare waambiwe hivyo mapema.

Mjane asipovua nguo, matanga hayajaondoka, na marehemu hajatulia.

Atakayemletea Olga sauti ile atakalia kiti chenye mikono. Hakuna aliyelisema hilo. Nalisema mimi, humu.

Jumatano, 16 Julai

Ushindi!

Mpwa wangu Pitchou amefika kutoka Salamabila, pikipiki na yeye mwenyewe wakiwa rangi moja kwa vumbi. Mgongoni amefunga kitu ndani ya blanketi. Anasema ni kigeuza sauti. Kompyuta huhifadhi wimbo kwa tarakimu. Mashine hii huzigeuza tarakimu kuwa sauti halisi, na huzigeuza vizuri kuliko simu yoyote. Aliiacha mhandisi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Pitchou anasema mhandisi yule aliipenda kuliko mke wake. Nimemwambia hilo si jambo la kusimuliwa mbele ya shangazi zake.

Tukabadilishana. Yeye ameondoka na beberu wangu, ambaye hata hivyo alikuwa na tabia mbaya.

Mashine ni nzito kama jiwe la kusagia. Mwili wa chuma cheupe, kioo kidogo cha kuonyesha tarakimu, na matundu madogo juu na pembeni, kama chujio. Nimeiweka juu ya kabati la sebuleni. Papo hapo nikamwagiza mke wangu Émérance alete kitambaa cha kufuma. Katika nyumba hii kitu cha heshima hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake. Saa ina chake. Mtungi wa maji ya kunywa una chake, chenye shanga. Émérance akaleta kile cha maua ya waridi. Kikafunika mashine yote mpaka miguuni. Matundu yale mabaya hayaonekani tena.

Nikaiwasha kwa umeme wa jua. Taa ndogo ikawaka. Nikatega sikio.

Kimya. Kimya safi sana, kisicho na mkwaruzo hata mmoja. Mashine bora!

Alhamisi, 17 Julai

Nimesoma kitabu cha maelekezo chote, kalamu nyekundu mkononi. Kimeandikwa kwa Kifaransa cha kusikitisha. Mfasiri wake hakupita kwangu.

Kuna kurasa za onyo. Ukurasa wa kwanza unataka mtu aangalie swichi ya nyuma inayochagua nguvu ya umeme, 110 au 220. Nikaangalia. Ilikuwa 110! Umeme wetu wa jua ni dhaifu, haukuidhuru; ningeichomeka kwenye jenereta siku ya matanga, ingekufa. Nikaihamisha. Tarakimu hazikosei lugha, kwa hiyo niliziamini.

Ukurasa wa pili: usiifungue mashine. Wingi umekosewa. Nimekata nusu alama.

Ukurasa wa tatu: usiifunike mashine kwa kitu chochote, iachie nafasi ya hewa pande zote. Alama ya juu ya herufi imesahauliwa mara mbili katika sentensi moja! Nimepiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni "Uzembe", nikakata alama nzima.

Jumla: kumi na moja juu ya ishirini. Amepita, lakini asijivune.

Mwishoni kabisa mwa kitabu, habari mbaya. Kigeuza sauti hakitoi sauti. Kinaitengeneza tu, kisha kinaikabidhi kwa ampli, na ampli inaikabidhi kwa vipaza sauti. Ndiyo sababu ya kile kimya.

Ampli na vipaza sauti. Katika mji mzima, ni nani mwenye navyo?

Sikula chakula cha jioni. Émérance amesema ni afadhali, wali ulikuwa kidogo.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda dukani kwa Théophile na mpango kamili. Nilimwarifu kwamba ukoo umeunda kamati ya kukagua vyombo vya matanga, na kwamba vipaza sauti vyake viletwe kwangu Jumatatu vikaguliwe. Akauliza nani wamo katika kamati. Nikamwambia ina mwenyekiti. Akauliza na wengine? Nikamwambia wengine wana udhuru.

Bahati mbaya Pitchou amekwisha kumsimulia kila mtu habari za mashine. Théophile akacheka mpaka wateja wakaacha kuchagua sabuni.

"Direkta, ulinunua koo! Kinywa iko wapi?"

Nikamjibu kwa utulivu kwamba koo ni mkubwa wa kinywa; bila koo, kinywa kazi yake ni kutafuna tu. Mama mmoja aliyekuwa akinunua chumvi alipiga makofi. Sikujua alikuwa akimpigia nani.

Tumekubaliana. Ataleta kinywa, mimi koo. Kuhusu kiti, alisema kiti chenye mikono ni cha mwenye vipaza sauti, tangu zamani. Nilisema mambo hayo yataamuliwa kwa sifa. Alisema sifa zake zina uzito, aulizwe yeyote aliyewahi kuvibeba vipaza sauti vile.

Jumatatu, 21 Julai

Jaribio, uani kwangu. Nadine amefika kutoka Kindu na kompyuta yake. Ni mwalimu sasa. Ananiita baba mukubwa, na hilo ni jema. Lakini ana mazoea ya kueleza mambo kabla hayajaulizwa.

Tukaunganisha. Waya kutoka kompyuta mpaka kigeuza sauti, waya mbili kutoka kigeuza sauti mpaka ampli, kisha vipaza sauti. Nadine aliweka kati ya jenereta na mashine kisawazisha umeme, kisanduku cha kuzuia umeme usirukeruke. Alianza kusema kuna utaratibu wa kuwasha. Nikamwomba anipishe. Kwenye kioo cha mashine kuna machaguo mawili: sauti ya kupandishwa kidogokidogo, na sauti kamili. Sipendi nusunusu. Nikachagua kamili. Nikawasha ampli kwanza, kwa kuwa ndiyo kubwa, kisha nikawasha mashine.

Mlio! Kama paa la bati limeng'olewa lote kwa mkupuo! Jogoo wa jirani alirukia ndani ya sufuria, kwa hiari yake. Théophile alivikimbilia vipaza sauti vyake akavipapasa kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Émérance akaweka ungo chini, akasema kama Jean-Marie angetaka kufufuka, angebisha hodi kwanza.

Nadine akaeleza, bila kuulizwa. Mashine iwashwe kwanza, sauti ikiwa chini kabisa. Ampli iwashwe mwisho. Wakati wa kuzima, ampli ndiyo itangulie. Sauti ipandishwe kidogokidogo. Nilimwambia ndivyo nilivyokuwa nikikusudia, nilitaka kwanza kuonyesha kosa.

Tukafuata utaratibu. Na hapo...

Ilikuwa yeye. Si sauti inayofanana naye. Yeye. Nilimsikia akisogeza mguu kwenye ubao wa kanisa. Kabla ya ubeti wa pili nilimsikia akivuta pumzi, ile pumzi yake ya kupitia puani ambayo nilimkemea tangu utotoni. Théophile alivua kofia. Jenereta yenyewe ilionekana kunguruma kwa adabu. Mimi sikulia. Julai kuna vumbi.

Tukaurudia wimbo, tukaurudia tena. Kisha, katikati ya neno, kimya. Kioo kikazimika.

Nikageuka. Ni nani aliyekuwa amesimama karibu na mashine? Théophile!

Nadine akagusa mashine kupitia kitambaa akaurudisha mkono haraka. Akasema imepata moto, imejizima yenyewe ili isiungue. Akavuta kitambaa pembeni. "Baba mukubwa, hii chombo inapumua. Ukiifunika, inazimia." Nikamwambia chuma hakipumui, hiyo ni tamathali ya usemi, na mwalimu hapaswi kuichanganya na fizikia. Hata pasi hupata moto, na hakuna aliyewahi kusikia pasi imezimia.

Wakati huo Théophile akaitwa dukani, akaondoka. Tukasubiri. Nikabonyeza kitufe. Mashine ikawaka! Jean-Marie akaendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Théophile yupo: inakufa. Théophile hayupo: inafufuka. Nimefundisha mantiki miaka mingi. Sihitaji kuongeza neno.

Jumatano, 23 Julai

Hatua za ulinzi.

Kwanza, kitambaa cha waridi kimerudi mahali pake, na juu yake nimeagiza cha pili. Théophile asipoviona vitufe hataweza kuvigusa. Émérance ameleta kile alichofuma kwa ajili ya arusi yetu, kizito, chenye pindo na maneno "Mungu Ni Mwema". Aliuliza kama Nadine hakusema mashine isifunikwe. Nikamwambia kitabu pia kimesema hivyo, na kimepata kumi na moja.

Pili, na hapa nilijipongeza. Nimekwenda kwa Théophile nikamtangazia kwamba nimeshindwa, kiti chenye mikono ni chake. Alishtuka. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia naomba jambo moja tu: kiti hicho kikae karibu na jenereta yake, nyuma kabisa ya uwanja, ili aiangalie isizimike. Mtu mkubwa karibu na mashine yake kubwa! Akafikiri. Akauliza kuhusu firigisi. Nilimeza mate. Nikasema lake pia.

Atakuwa na mikono miwili ya kiti na moshi mwingi. Mimi nitakuwa mezani, na mashine, kando ya padre. Ni kiti gani basi kitakuwa cha heshima?

Nimepita kwa Olga kumwarifu. Alikuwa akipepeta mchele wa wageni. Aliniuliza jambo moja tu: katika ile sauti, pumzi yake inasikika? Nikasema inasikika. Akaendelea kupepeta, lakini mchele ulikuwa umekwisha kuwa safi.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika jioni, na mwandiko si wangu wa kawaida. Ni uchovu.

Uwanja ulijaa. Ndugu wa Kabambare walifika tangu jana. Wanakwaya wote, sare safi. Jua la mchana, wala si utani. Meza mbele, mashine juu yake, vitambaa viwili juu ya mashine, pindo likipepea. Watu walisifu pindo. Padre Christophe aliniuliza hiyo ni tabernakulo ya altareni? Nikaona amenielewa.

Théophile mbali nyuma, katika kiti chake, firigisi mkononi, akikohoa.

Niliwasha mashine kwanza, sauti chini kabisa. Ampli mwisho. Kisha nikatoa hotuba. Nilieleza maisha ya marehemu, asili ya ukoo wetu, hali ya shule zamani na hali ya shule sasa. Nadine alinionyesha saa. Nikamwonyesha kwamba bado naongea. Mashine ilikuwa ikisubiri chini ya vitambaa vyake.

Kisha wimbo. Sauti ikapanda kidogokidogo, kama inavyotakiwa. Minong'ono ikafa. Olga alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, mweusi tangu kichwa mpaka miguu. Ubeti wa kwanza ulipoanza alifumba macho. Ubeti ukafika mwisho. Tulikuwa tunangoja ile pumzi.

Haikuja. Kioo kilizimika. Kimya.

Niligeuka kumtafuta Théophile. Alikuwa kulekule nyuma, mdomo umejaa. Hakuwa ameondoka hata hatua moja! Nilihisi mantiki ikiyumba.

Watu wakaanza. "Direkta, weka vocha!" akaita mwanamke mmoja kutoka nyuma. Mwingine akasema marehemu amechoka, hotuba ilikuwa ndefu. Ndugu mkubwa wa Olga, mzee wa Kabambare, akasimama akasema kwa heshima kwamba wao wamesikia, na kama mjane hataki kuvua, basi watarudi nyumbani na dada yao na weusi wake. Hapo hakuna aliyecheka. Ukoo wetu wote ungebaki na matanga mlangoni, kwa ajili yangu.

Olga akainuka. Akaja mezani taratibu, akasimama mbele yangu. Nilidhani atanisuta. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, na kitambaa chake cha mkono kilikwisha kulowa. Akaangalia huku na huku. Akanyoosha mkono, akavuta "Mungu Ni Mwema" na waridi pamoja, akaficha uso ndani yake, akalia.

Nilitaka kumwambia hicho si cha kazi hiyo. Nashukuru sikusema.

Padre Christophe ni mtu wa busara. Akaanzisha zaburi ili kumsitiri. Zaburi ile ni ndefu, na kwaya ikaijibu yote. Upepo mdogo wa kiangazi ulikuwa ukivuma juu ya meza na mashine iliyobaki uchi. Olga alibaki amesimama palepale, vitambaa usoni. Zaburi ilipokwisha, Nadine akapenyeza mkono kando yangu, akabonyeza, akarudisha wimbo nyuma kidogo.

Ubeti wa kwanza, neno la mwisho. Kisha pumzi. Ile ya puani.

Olga akateremsha vitambaa. Akaweka kiganja juu ya meza, karibu na mashine, kama mtu anayeweka mkono kwenye bega la mtu. Aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, na mashine haikukatika tena. Akasema, bila kumwambia yeyote, "Ni yeye. Hata puani hakuacha." Kisha akafungua kilemba cheusi kwa mkono wake mwenyewe.

Vigelegele! Wanawake wakamzunguka na kitenge cha manjano. Mzee wa Kabambare akanipa mkono. Théophile alikuja kutoka nyuma, macho mekundu. Alisema ni moshi. Nilimwambia Julai kuna vumbi pia.

Nikazima ampli kwanza, kisha mashine. Utaratibu ni utaratibu.

Wakaleta chakula. Nikaketi kando ya padre, katika kiti kisicho na mikono. Nikaletewa shingo.

Jumapili, 27 Julai

Asubuhi tulivu. Olga amekuja na kitenge chake cha manjano, akarudisha vitambaa, vimefuliwa, vimepigwa pasi. Aliomba ruhusa ya kuja Jumapili zijazo kumsikiliza Jean-Marie. Nikasema nyumba ni yake; wimbo na kinywa ataleta Théophile. Nadine, kabla ya kupanda pikipiki, alinisihi tena kuhusu hewa na nafasi. Nilimshukuru kwa bidii yake.

Nimechunguza mambo yote kwa makini. Mashine ilizimika Théophile akiwa mbali, kwa hiyo hakuigusa. Lakini alikuwa akiitazama. Uwanja mzima ulikuwa ukiitazama! Na ilifufuka lini? Ilipoimbwa zaburi, watu wote wakiwa wamefumba macho. Ni wazi kabisa. Hii ni mashine ya kiungwana. Haivumilii kukodolewa macho. Vitambaa viwili vilikuwa vichache.

Émérance ameanza cha tatu, kwa sufu nene niliyomwagiza Pitchou. Amefuma bila kunitazama, akasema tu kwamba Jean-Marie, akiwa hai, alikuwa hapendi kulala na blanketi. Sikuona uhusiano.

Na mchana huu nimeihamishia mashine ndani ya kabati la vyombo vya wageni, lenye mlango wa kioo. Kitambaa cha waridi, kitambaa cha arusi, cha tatu kikiisha nacho juu. Mlango nimeufunga kwa ufunguo, nao ufunguo nimeutia mfukoni. Nimeiwasha na kuiacha ikiwaka, iwe tayari Olga akija.

Humo ndani hakuna jicho litakaloifikia, wala upepo.